Wafalme wa Delhi: picha ziliendelea kungaa wakati ufalme ulikuwa unaanguka

Katika mwaka wa 1801, mchoraji Khairullah wa mji wa Delhi, inchini India, alichora mfalme Shah Alam wa Pili akikaa kwenye kiti cha ufalme. Mapambo ya bei kali yako, nguo za kifalme ziko. Lakini mfalme huyo alikuwa kipofu. Mwaka wa 1788, mkubwa wa vita Ghulam Qadir aliteka jumba lake na kumutoboa macho. Hata kiti kile kilikuwa cha kuiga tu. Kile cha kweli, Kiti cha Tausi, kilibebwa na Nadir Shah wa Uajemi wakati alipora Delhi mwaka wa 1739.

Wafalme hao wanaitwa Wamughal. Picha zao ni ndogo, zinachorwa kwenye karatasi kwa burashi nyembamba sana, tena zinatiwa dhahabu. Tangu wakati wa Jahangir, mfalme alizoea kuchorwa na duara ya mwangaza kuzunguka kichwa, sawa ile ya watakatifu kwenye picha za kanisa. Na kweli, mapadri Wajesuiti walikuwa wamefika kwa baba yake, Akbar, mwaka wa 1580, wakileta picha za Ulaya.

Aurangzeb alipokufa mwaka wa 1707, majimbo yakaanza kujitenga moja moja. Duara ile haikutoka. Muhammad Shah (1719-1748) alichorwa nayo akitembezwa katika bustani juu ya kipoyi, mtu mnene, mtulivu, sawa vile hakuna shida yoyote. Kisha Nadir Shah kupita, wachoraji wengi walikimbilia Lucknow na miji mingine, kwa wakubwa waliokuwa bado na feza.

Juu ya nini basi kumuchora mfalme asiye na nguvu? Juu ya jina lake lilikuwa bado na kazi. Kampuni ya Uingereza ya biashara, iliyokamata Delhi mwaka wa 1803, iliendelea kutengeneza pesa zenye jina la mfalme Mumughal mpaka 1835. Picha nayo ilikuwa njia ya kusema: mwenye inchi ni huyu.

Mchoraji Ghulam Ali Khan alifanya kazi pande zote mbili. Alichorea Waingereza waaskari na wanakijiji. Na jumbani alichora Bahadur Shah wa Pili, aliyekuwa mfalme tangu 1837, katika utukufu wote, ingawa amri yake haikupita sana kuta za Ngome Nyekundu.

Alafu ukaja uasi wa 1857. Waingereza walimuhukumu mzee huyo na kumupeleka Rangoon, kule Burma, ambako alikufa mwaka wa 1862. Mbele ya safari, mwaka wa 1858, alipigwa foto: mzee mwenye ndevu nyeupe, ameegemea kitandani. Duara haiko.