Maneno ya Hali katika Hadithi za Watoto wa Nyanda za Juu za Kusini

Tuanze na neno moja, vuli. Kwa mtu wa Unguja au wa Mrima neno hili lina hali yake: mvua ndogo zinazokuja na kuondoka kabla upepo wa kaskazi haujatulia. Hadithi ikitaja vuli, msikilizaji wa pwani amekwisha kuingia ndani yake. Lakini Mbeya na Iringa hazina masika na vuli kama misimu miwili. Mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Kisha huja ukavu, na baridi ya Juni na Julai, ambayo katika uwanda wa Kitulo huleta hata sakitu. Mtoto wa huko akisoma vuli hupata maana ya kamusi, asipate hali.

Jambo hili lina historia. Wamisionari wa Berlin na Wamoravian walipofika Unyakyusa mwaka 1891 walijifunza lugha ya wenyeji, wakaifundishia na kuiandika. Sarufi yake iliyotungwa na Schumann ilitoka mwaka 1899. Shule za serikali ya Wajerumani, kwa upande wao, zilitumia Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Vitabu vya kusomea vilivyofuata, pamoja na tafsiri kama Kisiwa chenye Hazina, vilijaa bahari, tanga na dhoruba. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Sioni kosa katika uamuzi wa 1928, wala katika ule wa 1967. Kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba mtoto aliyekatazwa lugha ya nyumbani darasani alikuja mikono mitupu.

Hakuja hivyo. Guthrie alikiweka Kinyakyusa katika kundi la M na Kihehe katika kundi la G, ambamo Kiswahili nacho kimo. Hata hivyo lugha zote tatu zina ngeli za mahali za pa, ku na mu. Kwa hiyo mtoto wa Rungwe au wa Kalenga huelewa upesi kuliko tunavyotazamia tofauti ya sentensi hizi: Palikuwa na giza, Kulikuwa na giza, Mlikuwa na giza. Ya kwanza ni giza la mahali panapojulikana. Ya pili ni giza lisilo na mpaka, na yafaa kwa mtu aliyepotea njia. Ya tatu ni giza la ndani, kama la pango, nalo humbana msikilizaji. Silabi moja tu imebadilika. Mwalimu aliye na darasa la pili aisome hadithi ile ile mara tatu, kila mara kwa silabi nyingine, kisha awaulize watoto mhusika amesimama wapi na anaogopa nini. Hahitaji kamwe kutaja neno sarufi.

Vivyo hivyo tanakali za sauti, ambazo tangu Doke alipozieleza mwaka 1935 wanaisimu wa lugha za Kibantu wamezihesabu kuwa aina ya neno kwa haki yake. Kuanguka pu si kuanguka chubwi, wala si kuanguka tifu: la kwanza ni kishindo, la pili ni maji, la tatu ni vumbi la kiangazi, ambalo mtoto wa Iringa analijua vizuri. Kimya jii, giza totoro, kulowa chepechepe. Wahariri wengi wa vitabu vya shule huziona kuwa lugha ya mazungumzo na kuzifuta, na hadithi hubaki na kivumishi kikubwa: giza kubwa, kimya kikubwa, baridi kubwa.

Siku hizi watoto wengi wa miji ya Mbeya na Iringa hukua na Kiswahili tangu utotoni, na huenda wengine hawakupata hadithi za bibi kwa lugha ya ukoo. Hao nao wanajua ukungu wa asubuhi ya Julai unaoficha hata mti wa uani. Mwalimu na awaulize wauite nini, na unapopita unasikika vipi.