Ukoka na Karanga: Mgeni Kapewa Kiti, Mwenyeji Anakanyagwa

Ukishuka stendi ya Chato jioni, kitu cha kwanza kukufuata ni karanga. Zimekaangwa kwa chumvi, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na mama anayeuza hana muda wa maneno mengi. Kitu cha pili utakikuta ukifika kwenye lodge yenye jina kali: bustani ya ukoka iliyokatwa vizuri, watu wanasubiriana kupiga picha. Moja unaitafuna, nyingine unaiweka Insta. Sasa swali: kati ya hao wawili, nani mzaliwa wa hapa?

Wengi watasema karanga. Wamekosa.

Karanga asili yake ni Amerika Kusini, na Afrika ilifika na meli za Wareno karne ya 16. Kabla yake watu walikula njugu mawe, zile ngumu za mviringo ambazo zina asili ya Afrika na ambazo leo kijana wa mjini hazijui kabisa. Karanga ikaja, ikawa na mafuta mengi zaidi, ikaiva haraka jikoni, basi njugu mawe ikasogezwa pembeni. Usukumani mgeni huyu alipokelewa hadi akawa ndugu. Michembe bila karanga ni nusu chakula, na nsansa ikipikwa na karanga hata asiyekula mboga anaomba kuongezewa.

Ukoka ndio mwenyeji. Majani ya ukoo huu yamekuwepo Afrika tangu enzi na enzi, yakiliwa na nyati na ng'ombe, na mkulima akiyaita magugu. Wazungu wakayapeleka Amerika, wakayabatiza jina la Bermuda, kisiwa ambacho wala si kwao. Mwaka 1960, mtafiti Glenn Burton wa mji wa Tifton, jimbo la Georgia kule Marekani, alitoa aina inayoitwa Tifway. Ni mchanganyiko wa ukoka wa kawaida na nduguye mwembamba kutoka Afrika Kusini. Tifway ikatandazwa kwenye viwanja vya mpira na gofu huku na huko duniani. Na kichekesho ni kwamba Georgia hiyohiyo ndiyo inaongoza Marekani kwa kulima karanga. Yaani mgeni wetu na mwenyeji wetu wote walienda kupata heshima kwenye jimbo moja.

Lakini tabia zao hazifanani hata kidogo. Ukoka unataka jua la kutosha. Ukiupanda chini ya mwembe unanyong'onyea, mwishowe unabaki udongo mtupu. Ukame hauuui kirahisi: unakauka juu, mizizi inalala, mvua ikirudi nao unarudi. Ukiukanyaga unatambaa, ukiukata unatambaa zaidi. Kinachougharimu mwenye bustani ni ule ukijani wa mwaka mzima, maana hapo lazima maji kila siku za kiangazi na mbolea yenye naitrojeni.

Karanga naitrojeni inajitengenezea yenyewe, kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye mizizi yake. Shida yake ni udongo. Ua la karanga linachanua juu, halafu likishachavushwa linashusha kikonyo ambacho kinajichimbia chini na kuzalia huko. Udongo ukiwa mgumu, kikonyo hakipenyi. Hata kikipenya, siku ya kung'oa unabaki na majani mkononi na karanga zimebaki ardhini. Ndiyo maana wazee wa Kisukuma walizipanda kwenye luseni, ule udongo wa kichanga wa miinukoni, na mbuga nyeusi wakaiacha kwa mazao mengine. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na jembe, na jembe likigoma mtu anaelewa.

Kuna watu walikuwa na maabara, ndege, na serikali nzima nyuma yao, na hawakuelewa. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 bosi mmoja wa kampuni kubwa ya biashara alikuja na wazo: Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Wataalamu watatu wakatumwa kukagua, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Hesabu ilikuwa ekari zaidi ya milioni 3, pauni milioni 25, miaka sita. Zikaletwa trekta zilizochoka za jeshi, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Visiki na mibuyu vikavunja majembe. Mvua ya Kongwa haikusoma mpango wa mtu. Na ule udongo, kiangazi kilipofika, ukakauka kama sakafu ya saruji na karanga zikiwa ndani yake. Eneo jingine lilikuwa Urambo, upande wa Tabora, ambako baadaye watu walihamia kwenye tumbaku. Mradi ulifutwa Januari 1951 na hasara ikaandikwa kama pauni milioni 36. Na muda wote huo, mama wa Kisukuma mwenye kipande cha luseni aliendelea kuvuna zake kila msimu, bila waziri yeyote kumuuliza anafanyaje.

Majani nayo yalipata shida yao. Tangu miaka ya 1920 mapori ya Shinyanga yalifyekwa kwa nguvu ili kuwafukuza mbung'o, baadaye pamba ikaongeza ufyekaji, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi ikabaki uchi. Wasukuma walikuwa na dawa yao ya siku nyingi inayoitwa ngitili: unafunga kipande cha malisho wakati wa mvua, hakuna ng'ombe kuingia, unakifungua kiangazi kikishika. Kanuni ni kupumzisha ardhi, basi. Miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, ngitili nyingi zikaachwa nyuma na zikafa.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni walijaribu kugawa miche. Kilichofanya kazi zaidi ni kuwarudishia watu ngitili zao. Zilikuwa zimebaki kama hekta 600 zinazojulikana. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Katikati ya safari, mwaka 2002, ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Kongwa iliteketeza mamilioni kulazimisha ardhi izae. Huku wafugaji ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote waliiacha ipumzike, na majani yakaja.

Chato inaingia hapa kwa njia ya miguu. Miaka ya 1950 wakoloni waliifungua Geita ili kupunguza msongamano Usukumani, na familia zikahama na ng'ombe, jembe, na mbegu za karanga kwenye kibuyu. Wengine wakasogea hadi Biharamulo, wilaya iliyokuwa imeibeba Chato kabla Chato haijajitegemea. Walikuta ardhi na ziwa, na kwa muda hakukuwa na haja ya kubanana. Leo haja ipo. Mji umekua, hifadhi ya Burigi-Chato ilitangazwa 2019, wageni wanatakiwa walale mahali, na mwenye robo eka karibu na lami anaulizwa na dalali kila wiki.

Huyo wa robo eka ndiye mwenye mtihani. Akipanda karanga, mfano ile mbegu inayoitwa Pendo iliyotolewa na watafiti wa Naliendele mwaka 1998, anavuna ndani ya miezi mitatu hivi. Familia inakula, kiasi kinaenda stendi, majani yanaliwa na mbuzi, na shamba linabaki na rutuba ya mahindi ya msimu unaofuata. Ila akianika vibaya, sumukuvu inaingia na biashara imekufa. Akiotesha ukoka wa kuuza kwa kipande, wateja wapo: nyumba mpya, lodge, viwanja vya shule, na AFCON 2027 inayokuja Tanzania, Kenya na Uganda imewaamsha watu kuhusu nyasi. Lakini kila kipande anachong'oa kinaondoka na udongo wa juu, na udongo huo haurudi na hela. Kiangazi naye atanunua maji, au atateka ziwani pamoja na wenye ndoo za kunywa.

Wajanja wachache wanafanya vyote: mbele ukoka, nyuma karanga. Kazi iko kwenye mpaka, kwa sababu ukoka hauheshimu mpaka. Usiku unatambaa kuelekea kwenye matuta, na wiki ya palizi mama anaung'oa kwa mkono mmoja mmoja, anautupa barabarani, jua liukaushe kabla haujashika ardhi tena.