Uzito wa Kazi na Namna ya Kuubeba: Kutoka Njia ya Misafara hadi Ukumbi wa Kompyuta

Katikati ya karne ya 19, kazi kubwa ya ujira katika Afrika Mashariki ilikuwa kutembea na mzigo. Kutoka Bagamoyo, kupita Ugogo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji kwenye ufuko wa Tanganyika, maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishusha pembe za ndovu pwani na kupandisha merikani, kaniki na shanga bara. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wa mtu, silaha na posho yake. Wazungu waliopita njia hiyo, Richard Burton kuanzia 1857 na Henry Morton Stanley mwaka 1871, waliandika kurasa nyingi za kulalamika: wapagazi wanatua mchana, wanagombea posho, wanatoroka. Wao waliita ukaidi. Anayesoma kurasa zile leo huku akijua kazi ngumu inavyomfanya mtu, ataona mle ndani utaratibu mzima wa kujilinda.

Msafara uliondoka alfajiri kukiwa bado na ubaridi. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia na pambo lake la kichwani, ngoma ikilia nyuma yake, na mizigo ikafuata mmoja mmoja katika njia nyembamba. Jua lilipokuwa kali, watu walitua. Hapo wapagazi waligawanyika katika makambi madogo ya watu wa chungu kimoja: huyu akatafuta kuni, yule akateka maji, mwingine akasonga ugali. Njiani waliimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea, na wimbo ndio ulioshika mwendo wa miguu. Ndani ya wimbo mtu aliweza kumsema mkuu wa msafara bila kuitwa mfitini. Mkuu akikaza mwendo kupita kiasi, mizigo iliwekwa chini na mazungumzo ya posho yakaanza upya. Yote yakishindikana, mtu aliondoka usiku. Uwezo wa kuupima mwendo, wenzake wa chungu na njia ya kuondoka ndivyo vilivyomwezesha mpagazi kuifanya kazi ile kwa miezi na kuirudia msimu uliofuata. Historia yote inayofuata inaweza kusomwa kama habari ya vitu hivyo vitatu, jinsi vilivyonyang'anywa na jinsi watu walivyovitafuta tena.

Wala si wote waliokuwa navyo hata wakati ule. Kilimo cha karafuu kilichostawi Unguja na Pemba tangu miaka ya 1830 kilifanywa na watumwa, na mtumwa hakuwa na pa kuondokea isipokuwa kwa kuhatarisha maisha yake. Kilichokuwa kikijadiliwa mashambani ni saa na siku: siku ambazo mtu aliachiwa alime konde lake mwenyewe, na usiku wa ngoma. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, jambo ambalo wengi walilishikilia kwanza ni haki ya kuamua watafanya kazi lini na kwa muda gani. Mabwana shamba na maofisa wa Kiingereza waliliona hilo kuwa uvivu, na neno hilo halikuwatoka kinywani kwa miaka 60 iliyofuata.

Ukoloni uliongeza kitu kipya: kazi isiyo na msimu wala mwisho, inayosimamiwa na mtu asiyejulikana ukoo. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, amri ya kulima pamba katika mashamba ya pamoja iliwakuta watu wa kusini wakiwa na mashamba yao ya chakula yanayowangoja. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Sababu zake zilikuwa nyingi, na dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe iliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, lakini kilichong'olewa kwanza kilikuwa kazi yenyewe. Vita viliisha 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Upande wa Kenya dola ilitumia karatasi. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mliandikwa jina lake, alama za vidole, mwajiri wake, mshahara na siku aliyoachishwa kazi. Aliyeondoka bila ruhusa aliweza kutafutwa, akakamatwa na kushtakiwa. Dawa ya zamani kuliko zote ya mpagazi, kuondoka usiku, ikawa kosa la jinai lenye namba. Katika mambo yote yaliyofanywa na ukoloni kuhusu kazi, sidhani kama lipo lililoingia ndani ya nafsi ya mfanyakazi kuliko hilo.

Mlango ukishafungwa, watu walirudi kwenye chungu. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwakusanya mamia ya maelfu ya wabeba mizigo wa jeshi, na makumi ya maelfu hawakurudi. Jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Waliorudi waliieneza beni, ngoma iliyozaliwa miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi. Terence Ranger, aliyeandika historia yake katika kitabu cha 1975, alionyesha kwamba beni ilikuwa zaidi ya kuiga wakubwa. Dar es Salaam ilikuwa na vyama viwili hasimu, Marini na Arinoti, kila kimoja na matawi yake, sare zake na vyeo vyake. Kuli aliyeitwa "boi" wiki nzima, Jumapili alikuwa mtu wa cheo, akipigiwa saluti. Chama kilimtazama akiugua na kumzika akifa mbali na kwao. Wanawake walikuwa na lelemama yao, yenye mashindano makali vilevile. Kwa mtu aliyehamia mjini bila ndugu, huo ndio uliokuwa ukoo.

Katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893, manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji walikuwa na silaha nyingine: kazi ya kipande. Mkataji alipewa idadi ya matita, na akiyamaliza mapema, sehemu iliyobaki ya siku ilikuwa yake. Wenye mashamba walijaribu kuongeza idadi na wakataji wakaikataa, hivyo ugomvi mkubwa wa mkonge, pamoja na ujira, ukawa lini siku inaisha.

Ugomvi huohuo ulifika kilele bandarini, na Mombasa ndiyo inayoeleza zaidi. Hadi miaka ya 1940 wapakuaji wengi wa Kilindini walikuwa vibarua wa kutwa. Asubuhi mtu alikwenda getini, akachukuliwa na serangi, msimamizi wa gengi, akabeba magunia hadi jioni, akalipwa. Kazi ilivunja mgongo. Lakini kesho yake alikuwa na hiari ya kutokwenda: akalala, akaenda shambani kwake Uduruma, akauza samaki, akakaa barazani na kahawa. Kwa bwana wa bandari huu ulikuwa wazimu. Meli inangoja na watu wamelala. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu bandari hiyo, alisema wazi jambo ambalo maofisa hawakutaka kulikubali, kwamba ukibarua wenyewe ulikuwa chaguo. Mtu aliyefanya kazi nzito siku 15 kwa mwezi na kujipumzisha 15 alikuwa amejipangia mwenyewe kile ambacho leo tunamlipa mtaalamu atupangie.

Hata hivyo mji ulikuwa ukipanda bei, na hiari haikulipa kodi ya chumba. Wapakuaji wa Dar es Salaam waligoma 1939, wakagoma tena 1943. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa yote ilisimama, bandari, reli, hoteli na majumba ya wakubwa, kwa siku 12. Kila siku maelfu walikusanyika uwanja walioubandika jina la Kiwanja cha Maskini, na humo ukazaliwa Muungano wa Wafanyakazi Waafrika ulioongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata mwezi Agosti mwaka huohuo. Septemba mgomo ukaanza bandari ya Dar es Salaam na kufuata reli ya kati hadi bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Zanzibar.

Jibu la serikali lilikuwa la akili. Liliwapa watu nyongeza, na likawaondolea ukibarua. Katika miaka ya 1950 vibarua wa Mombasa waliandikishwa, wakalazimishwa kufika idadi fulani ya siku au wafutwe, na polepole wakageuzwa waajiriwa wa mwezi. Mgomo wa Machi 1955, aliousuluhisha Tom Mboya, uliwaletea mshahara bora. Walipata nyumba, likizo, pensheni baadaye, na hayo si madogo. Walichotoa ni zile asubuhi za kutokwenda. Mabadilishano hayo, usalama kwa hiari, ndiyo msingi wa ajira rasmi tuliyonayo hadi leo, na hesabu yake haijawahi kufungwa.

Madaktari wa zama hizo hawakuwa na la kusema. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. J. C. Carothers, aliyeisimamia tangu 1938, alichapisha mwaka 1953 maoni kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, akieleza hilo kwa maumbile ya akili zao. Miaka 17 kabla ya hapo, mwaka 1936, Hans Selye alikuwa amechapisha huko Montreal majaribio yake juu ya panya, akionyesha kwamba mwili unaosumbuliwa kwa muda mrefu huugua kwa namna ileile, iwe kinachousumbua ni baridi, sumu au uchovu. Elimu ya msongo ikaanza. Mpakuaji wa Kilindini hakumo ndani yake.

Uhuru ulimkuta mfanyakazi akiwa na chama chenye nguvu na serikali isiyotaka kushindana nacho. Tanganyika iliubana mgomo kwa sheria ya 1962, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 vyama vyote viliunganishwa kuwa NUTA, chini ya mbawa za serikali. Mwaka huohuo NUTA ilianzisha bendi. Mfanyakazi alipoteza haki ya kuweka zana chini, akapewa tarumbeta. Nasema hivyo bila kejeli, kwa sababu NUTA Jazz ilikuwa bendi kubwa kwelikweli, na sauti ya Muhidin Maalim Gurumo ilibeba mambo ambayo mkutano wa tawi haukuyabeba. Mashirika mengine yakafuata: kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz mwaka 1970, na mwaka 1978 shirika la magari na teksi likaunda Mlimani Park, ambayo Gurumo alihamia. Wanamuziki walikuwa waajiriwa, na dansi la wikiendi lilikuwa, kwa maana halisi, sehemu ya kazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991, bendi ilibadili jina nacho, na leo ni Msondo Ngoma.

Katikati ya dansi hilo ulitokea Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa Februari 1971, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, makuu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliichukua ibara ile kwa uzito wake. Kwa miaka miwili viwanda vya Dar es Salaam vilisimama kimoja baada ya kingine, mameneja wakafungiwa nje, na mara nyingi lalamiko la kwanza halikuwa mshahara. Lilikuwa lugha ya bosi. Kufikia 1973 serikali ilichoka, na waliogoma wakafukuzwa.

Kisha mshahara wenyewe ukafa. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na ukame viliuangusha uchumi. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwasaka wasio na ajira mijini, huku mwenye ajira akishindwa kufika katikati ya mwezi. Baada ya mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 yakaja mageuzi na kupunguzwa kazini. Karani akafuga kuku, mwalimu akauza barafu, mama akapika maandazi kabla ya kwenda ofisini na kutia fedha katika upatu. Miradi ya pembeni iliokoa nyumba nyingi, lakini iliifuta jioni, saa ambazo zamani zilikuwa za baraza, mpira na chama.

Sheria za karne hii zimejaribu kuirudisha jioni hiyo kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28; ya Kenya, ya 2007, inatoa likizo ya siku 21 za kazi. Rwanda ilisogeza mwanzo wa kazi hadi saa tatu asubuhi kuanzia Januari 2023. Lakini sheria hizi zinamlinda aliyeajiriwa, na bodaboda, mama lishe na dereva wa teksi ya simu hawana saa ya kutoka. Mtafiti Robert Karasek alishaeleza mwaka 1979 kwamba kinachomchosha mtu zaidi ni madai makubwa yakikutana na uwezo mdogo wa kuamua. Shirika la Afya Duniani na lile la Kazi yalikadiria kwamba saa nyingi za kazi zilichangia vifo 745,000 vya kiharusi na moyo mwaka 2016.

Nairobi, vijana waliokaa kwenye kompyuta kuchuja picha za mauaji na ukatili kwa niaba ya mitandao ya Marekani walikuja kulijua hilo kwa njia yao. Daniel Motaung alifungua kesi mwezi Mei 2022 dhidi ya Meta na mkandarasi wake Sama, akidai kwamba kazi ilipimwa kwa kasi huku msaada wa kisaikolojia ukiwa hautoshi; kampuni zilikana. Zaidi ya 140 kati yao walikutwa na daktari wa Kenya wakiwa na kiwewe. Kutafuta ushauri nasaha peke yao hawakuona kunatosha. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana na kupiga kura kuunda chama chao, na mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya.