Mshauri Akishaondoka Kiwandani

Mwenye kiwanda anapomwita mshauri, humlipia jambo moja: bidhaa zitoke nyingi zaidi na hasara ipungue. Lakini mshauri akishafunga mkoba wake, ujuzi unabaki kwa nani? Hapo ndipo mapokeo ya mafunzo ya kazi yanapoachana njia.

Mhandisi Mmarekani Frederick Winslow Taylor alijibu bila kuficha: ujuzi ukae ofisini. Mwishoni mwa karne ya 19, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem, Pennsylvania, yeye na wasaidizi wake walipima kwa saa kila mwendo wa wapakiaji. Katika kitabu chake cha 1911 anasimulia habari za kibarua aliyempa jina la Schmidt, ambaye alitolewa kwenye tani 12.5 kwa siku akafikishwa tani 47, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Watafiti wa baadaye wameitilia shaka simulizi hiyo, lakini hata tukiikubali, tuipige hesabu: mzigo uliongezeka karibu mara nne, ujira haukufika hata mara mbili. Na kibarua hakufundishwa kufikiri. Aliambiwa lini abebe, lini apumzike. Mwaka huohuo wa 1911, mafundi wa kusubu chuma katika karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya kupimwa kwa saa.

Marekani hiyohiyo ilizaa jibu jingine. Kati ya 1940 na 1945, viwanda vya vita vilipojaa watu wasiowahi kushika mashine, serikali ilianzisha mpango wa kuwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha. Hatua zilikuwa nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, kisha mfuatilie. Uzito wa mpango huo uko kwenye hatua ya tatu, kwani mwanafunzi hufanya kazi huku akieleza kwa kinywa chake kila jambo la msingi, na kwa nini lifanywe hivyo. Vita vilipokwisha, Wamarekani wakauacha. Wajapani waliupokea kutoka kwa Wamarekani walioikalia nchi yao, ukaota mizizi, na Toyota ikaufungamanisha na desturi yake ya kumruhusu mfanyakazi wa kawaida avute kamba na kusimamisha laini nzima akiona kasoro.

Ushahidi ninaouamini zaidi kwamba njia hiyo inafaa ni wa Fremont, California. Kiwanda cha General Motors kilichosifika kwa utoro na migogoro kilifungwa 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, wengi wa wafanyakazi wakiwa walewale na chama chao kilekile. Baadhi walipelekwa Japani kujifunza. Utoro ukashuka, ubora ukapanda. Mauzo yalipodorora miaka michache baadaye, wafanyakazi hawakupunguzwa kazini, bali waliingizwa mafunzoni.

Huku kwetu, mwanagenzi wa jahazi kule Nungwi, Unguja, hujifunza ubavuni mwa fundi. Hutoboa tundu kwa keekee kabla ya kupigilia msumari, ubao usije ukapasuka. Husindilia pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao. Hakuna mchoro, kipimo kiko jichoni mwa fundi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mbinu za Kijapani ni ngeni kwetu. Fundi wetu yuko karibu zaidi na Toyota kuliko na Taylor, maana ujuzi uko kwa anayeshika tezo. Upungufu wake ni kwamba haandiki, na mwanagenzi anaweza kukaa miaka kabla ya kuambiwa sababu ya jambo.

Leo kaizen, yaani mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, inafundishwa Tanzania, Kenya na Ethiopia, kwa msaada wa Wajapani. Ni jambo jema. Lakini mistari ya rangi sakafuni na mabango ukutani hayatoshi pale wanaoendesha mashine ni vibarua wa siku. Unamfundisha mtu Jumatatu, Ijumaa hayupo. Na akiwepo, hathubutu kuzima mashine kwa kuogopa kukatwa ujira. Wenye viwanda, kabla hamjamlipa mshauri mwingine, wapeni watu wa laini mikataba ya kudumu, na ruhusa ya kusimamisha mashine bila kuadhibiwa.