Kiungio cha Taya: Jina, Maradhi na Tiba

Kiungio cha taya ni mahali taya la chini linapokutana na fuvu, mbele kidogo ya tundu la sikio. Mtu akigusa hapo kwa ncha ya kidole huku akifungua kinywa, huhisi kitu kinasogea chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha taya, na kinakaa katika kishimo cha mfupa wa fuvu. Kati ya kichwa na kishimo kuna kisahani cha jamii ya gegedu, kigumu lakini chenye kunyumbulika, kinachozuia mfupa usisage mfupa. Kinywa kinapoanza kufunguka, kichwa cha taya huzunguka papo hapo kama mlango kwenye bawaba. Kinapofunguka zaidi, kichwa pamoja na kisahani chake huteleza kwenda mbele, hadi kwenye kinundu cha mfupa kilicho mbele ya kishimo. Viungio viko viwili, kulia na kushoto, na vimefungwa na mfupa mmoja. Hakuna kingine mwilini kinachofungwa na mwenziwe namna hiyo, na ndiyo maana kasoro ya upande mmoja huupinda mwendo wa taya zima.

Katika hospitali za Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika vituo vya afya vya Vuhovi, lugha ya karatasi ni Kifaransa. Kiungio hiki huandikwa humo articulation temporo-mandibulaire, au kwa kifupi ATM. Kifupi hicho kinafaa kati ya madaktari, lakini mfanyabiashara aliyezoea kuvuka mpaka wa Kasindi kwenda Uganda akikikuta kwenye karatasi yake ya rufaa atadhani ametumwa kwenye mashine ya benki. Jina refu nalo limejengwa kwa Kilatini: tempora ni panja, na mandibula, taya la chini, limetokana na kitenzi cha kutafuna. Aliyelitunga aliunganisha majina ya mifupa miwili inayokutana, basi.

Kulitafsiri neno kwa neno ndiko kunakoleta shida. Anayeandika “kiungio cha panja na taya” amefuata Kilatini vizuri na kumpoteza mgonjwa, kwa sababu panja ni sehemu ya juu, kati ya jicho na sikio, nacho kiungio hakiko huko. Mfupa wa fuvu unaoitwa kwa jina la panja ni mpana: unashuka mpaka nyuma ya sikio, na kishimo cha taya kiko upande wake wa chini. Mgonjwa aulizwaye kama panja linamuuma atagusa panja na kujibu hapana. “Kiungio cha taya” kinatosha. Taya la juu limeshikamana na fuvu, halina kiungio kinachotembea, kwa hiyo jina fupi haliwezi kuchanganywa na kingine.

Kuhusu neno la kwanza, wengi husema “kiungo”. Si kosa, lakini neno hilo limebeba mizigo mingi: mkono ni kiungo, moyo ni kiungo, hata iliki ya pilau ni kiungo. “Kiungio”, kutokana na kuungia, ni mahali vitu viwili vinapoungana, na ndiyo maana hasa inayotakiwa hapa.

Majina ya maradhi yenyewe yana mkanganyiko zaidi. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio na koo wa mji wa St. Louis nchini Marekani, aliandika juu ya wagonjwa wenye maumivu ya sikio, mvumo masikioni na kizunguzungu, akayahusisha yote na kiungio cha taya kilichoharibika mwendo baada ya magego kung’oka. Maelezo yake ya chanzo hayakudumu, ila jina la “ugonjwa wa Costen” lilienea kwa miongo kadhaa. Wafaransa wakaja na SADAM, kifupi cha maneno mengi yanayotaja maumivu na kasoro ya vyombo vya kutafuna. Walichoshirikiana ni kuyafunga mambo mbalimbali katika jina la umoja, kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Vigezo vya uchunguzi vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2014 vimeachana na hilo. Vinatenganisha maumivu ya misuli, maumivu ya kiungio chenyewe, kisahani kilichohama na mfupa uliolika. Kwa Kiswahili basi inafaa kusema “matatizo ya kiungio cha taya”, kwa wingi, kisha kila tatizo likaitwa kwa kitenzi chake. Vitenzi hivyo vipo tayari, na vingine ni sahihi kuliko istilahi za Kilatini.

La kwanza na la kawaida zaidi ni taya kuuma. Maumivu hukaa shavuni, mbele ya sikio au pembeni mwa kichwa, na huzidi wakati wa kutafuna. Mara nyingi chanzo ni misuli ya kutafunia iliyochoka kwa kusaga meno usiku au kwa kuyabana mchana kutwa bila kujua. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40. Kwa kuwa maumivu haya huiga ya jino na ya sikio, wapo wanaotibiwa sikio lisilo na uchafu, na wapo wanaong’olewa gego zima na kurudi nyumbani na maumivu yaleyale. Dalili inayosaidia kutofautisha ni rahisi: jino bovu huuma kwa baridi au kwa kugongwa, ilhali kiungio na misuli huuma kwa kubonyezwa na kwa mwendo wa taya.

Tiba ya kundi hili haina makuu. Taya hupumzishwa: miwa na mahindi ya kuchoma huwekwa kando kwa wiki kadhaa, chakula kikawa ugali laini, sombe, maharage yaliyoiva sana, viazi. Kitambaa cha maji ya moto huwekwa shavuni. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni hutolewa kwa siku chache kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mimba. Mgonjwa hufundishwa kuacha nafasi kati ya meno ya juu na ya chini wakati hatafuni, jambo linaloonekana dogo lakini ndilo gumu kulizoea. Wengi hupata nafuu kwa hayo tu. Asiyepata, daktari wa meno humtengenezea bamba la plastiki la kuvaa usiku juu ya meno. Kifaransa huliita gouttière, neno lilelile la mfereji wa bati unaopokea maji ya mvua ukingoni mwa paa. Mfasiri mwenye haraka amwonee huruma mgonjwa, aandike “bamba la meno”.

La pili ni taya kualika, yaani kutoa mlio kama vidole vinavyoalishwa. Kisahani kimesogea mbele ya mahali pake. Kichwa cha taya kikiteleza hukirukia, na mlio husikika. Mlio usio na maumivu hauhitaji tiba, na hili lapasa kusemwa waziwazi kwa sababu mlio humtisha mtu kuliko maumivu. Hali hubadilika pale mlio unapokoma ghafla na kinywa kikashindwa kufunguka vizuri: hapo kisahani kimekwama mbele na kuziba njia. Mazoezi hujaribiwa kwanza. Katika hospitali zenye wataalamu, kiungio huweza kuoshwa kwa kupitisha maji ya chumvi kwenye sindano mbili, njia iliyoelezwa mwaka 1991. Kukimbilia kisu kumewahi kuleta msiba: katika miaka ya 1980 Wamarekani wengi waliwekewa badala ya kisahani vipandikizi vya Teflon vya kampuni ya Vitek, vikasagika na kula mfupa uliovizunguka, hata vikaondolewa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990.

La tatu ni taya kuteguka. Kiswahili kina bahati na neno hili. Kutega ni kuweka kitu mahali pake kikae tayari, na kutegua ni kinyume chake, kama mtego unavyoteguliwa. Kiungo kilichoteguka kimetoka pale kilipotegwa. Mtu hupiga mwayo mkubwa, hucheka, hutapika au hung’olewa jino, na kichwa cha taya huvuka kile kinundu cha mfupa na kushindwa kurudi. Mgonjwa hubaki ameachama, mate yakimtoka, kidevu kimesogea mbele. Ikiwa ni upande mmoja tu, kidevu huelekea upande mzima. Hawezi kusema vizuri, na anayemwona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amerogwa au amepooza uso.

Tiba yake ni ya zamani mno. Mafunjo ya Misri yanayoitwa ya Edwin Smith, yaliyoandikwa yapata miaka 3,600 iliyopita, yanaeleza jinsi ya kulirudisha taya kwa vidole gumba, na Hippocrates wa Ugiriki alifundisha jambo hilohilo. Madaktari waliosoma kwa Kifaransa huiita njia ya Nélaton, kwa jina la mpasuaji Mfaransa wa karne ya 19. Mgonjwa huketi chini, kichwa kikiegemea ukutani. Mtabibu, mwenye glavu na vidole gumba vilivyozungushiwa bandeji, husimama mbele yake, huweka gumba juu ya magego ya chini pande zote mbili na vidole vingine chini ya taya. Hukandamiza kwenda chini, taratibu na bila kuachia, mpaka misuli ichoke. Ndipo husukuma kwenda nyuma. Anayeanza kwa kusukuma nyuma hufeli, maana kile kinundu bado kiko njiani. Bandeji inayozungushiwa gumba ina kazi, kwani taya linaporudi meno hufungana kwa nguvu. Baada ya hapo kidevu hufungwa kwa kitambaa, chakula huwa laini, na kwa wiki mbili au tatu mtu hupiga mwayo akiwa ameshikilia kidevu kwa mkono. Kazi hii hufanywa na muuguzi au daktari aliyefunzwa, kwa kuwa taya lililovunjika hufanana na lililoteguka, na kulikandamiza kunazidisha uvunjikaji.

La nne, lililo zito kuliko yote, ni mifupa ya kiungio kushikamana. Wataalamu husema ankilosisi, kutoka neno la Kigiriki la kitu kilichopinda. Wengine huandika “kuganda kwa kiungio”, lakini kilichoganda huyeyuka, na mfupa hauyeyuki. “Kushikamana kwa mifupa” kunasema ukweli. Chanzo kikubwa ni ajali ya utotoni. Mtoto anaanguka toka kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inayoshuka mlima wa Butembo, au toka kwenye pikipiki ya motari, na kidevu ndicho kinachogonga barabara. Kidonda cha kidevu hushonwa na kupona. Nguvu ya pigo, hata hivyo, imepanda mpaka kwenye kichwa cha taya na kukivunja. Damu imejaa kiungioni, na polepole ikageuka mfupa. Usaha wa sikio usiotibiwa huweza kufikia hapohapo. Kinywa hupungua kufunguka mwezi baada ya mwezi. Kwa kuwa kichwa cha taya kina sehemu katika ukuaji wa uso, kidevu hubaki kidogo na kurudi nyuma, na mtoto hukoroma na kukosa pumzi usingizini.

Hapa mazoezi hayatoshi. Mfupa ulioshikamana hukatwa, nafasi ikaachwa, na mara nyingi kipande cha msuli wa panja hulazwa katikati ili mifupa isiungane tena. Kabla ya hapo kuna kikwazo cha dawa ya usingizi: mrija wa kupumulia hupitishwa kinywani, nacho kinywa hakifunguki. Ndiyo sababu upasuaji huu ni wa hospitali kubwa yenye mtaalamu wa usingizi na vifaa vya kupitisha mrija puani. Baada ya upasuaji mtoto hufunguliwa kinywa kwa vijiti vya mbao vilivyopangwa juu ya vingine, kila siku, kwa miezi mingi, akilia. Familia isiyoelezwa hilo mapema huacha mazoezi, na mifupa huungana upya.

Nje ya kiungio kuna taya kukaza, ambako wataalamu huita trismasi: kiungio ni kizima lakini misuli au kovu limebana. Gego la mwisho lenye usaha hukaza taya. Noma, ugonjwa unaokula shavu la mtoto mwenye utapiamlo, ambao Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwezi Desemba 2023 katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, huacha kovu linalofunga kinywa. Dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi huweza kupinda taya ghafla, na tiba yake ni sindano. La kuogopwa kuliko yote ni pepopunda, ambayo mara nyingi huanza kwa taya kukaza. Mkulima aliyejikata na jembe wiki moja iliyopita, na sasa hafungui kinywa, hahitaji kukandwa wala bamba la meno. Anahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Eneo hili limeshaona maneno ya tiba yakiingia bila maelezo. Wakati wa Ebola, tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020, neno riposte, yaani juhudi za kupambana na ugonjwa huo, lilizunguka Beni, Butembo na Vuhovi likiwa limebaki Kifaransa, na kila mtu akalipa maana yake. Matatizo ya taya hayana hofu kama ile, lakini karatasi ya rufaa inaweza kueleweka na anayeibeba. Inatosha iandikwe kitenzi kimoja: linauma, linaalika, limeteguka, limeshikamana, limekaza. Kisha upande, tarehe lilipoanza, na idadi ya vidole vya mgonjwa mwenyewe vinavyoingia wima kati ya meno ya mbele. Kinywa kizima cha mtu mzima hupokea vitatu.