Haki ya Mpagazi katika Njia ya Ugogo

Watu wa pwani wakitajiwa Dodoma hukumbuka serikali na Bunge, na wazee hukumbuka garimoshi. Lakini kabla reli haijafika huko mwaka 1910, nchi ya Ugogo ilijulikana katika nyumba zetu kwa jambo jingine: ndiyo nchi ambayo mpagazi hakuwa na budi kuivuka kwa miguu na mzigo begani. Kila pembe ya ndovu iliyoshuka Bagamoyo kutoka Tabora, na kila mtumba wa merikani na kaniki uliopanda bara, ulipita hapo juu ya mwili wa mtu. Punda na ng'ombe wa kubeba hawakudumu kwa sababu ya mbung'o, wala njia haikuwa ya magari. Basi tukisema mali ya misafara, na majumba ya mawe yaliyojengwa kwa mali hiyo, tunasema mabega ya watu.

Wako wanaodhani kwamba wapagazi wote walikuwa watumwa. Si hivyo. Wengi wao, khasa Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Wakilima masika na kusafiri kiangazi, na kijana kwao hakuhesabiwa mwanamume kamili mpaka ameiona pwani. Watumwa nao walikuwako, zaidi katika misafara iliyotoka pwani na Unguja. Hao walikodishwa, na bwana aliyekaa barazani kwake akachukua sehemu ya ujira wa mtu aliyekuwa akikanyaga miba ya Mgunda Mkali. Na juu ya yote hayo sisi tuliwaita watu wa bara washenzi. Mwenye kutaka kujua nani alikuwa mshenzi katika mambo haya na atazame nani alimtimizia mwenziwe haki yake.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yapata kilo 32, na juu yake mpagazi akachukua chungu, mkeka, silaha na chakula chake. Wazungu Burton na Speke, waliopita mwaka 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kaze, karibu na Tabora ya leo. Baada ya Mpwapwa msafara uliingia Marenga Mkali, nyika isiyokuwa na maji ya kunywa, ukatokea Ugogo, kisha ukaingia Mgunda Mkali kuelekea Unyamwezi. Wafanyabiashara wamewalaumu sana watemi wa Kigogo kwa hongo waliyotoza. Mimi naona lawama hiyo imezidi. Katika nchi kavu kama ile, visima ni mali ya waliovichimba na kuvilinda, na mtama uliowalisha wageni ulilimwa na Wagogo hao hao, ambao wenyewe hawakuwa na hakika ya mvua ya mwaka wa pili.

Ama namna wapagazi walivyotunzana, hapo pana mafunzo makubwa. Waligawanyika katika makambi madogo madogo, kila kambi na chungu chake, wakila pamoja, wakilala pamoja na kuchukuliana mzigo mmoja akiumwa. Wengine walifuatana na wake zao. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia, na mara nyingi katika misafara ya Wanyamwezi wapagazi wenyewe ndio waliomkubali. Kila mtu alikuwa na posho yake, kadiri ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku au kitambaa cha kununulia. (Neno hilo posho bado linasikika sana Dodoma, ingawa sasa halipimwi kwa kibaba.) Mkuu wa msafara akipunguza posho au akilazimisha mwendo usiostahili, watu waliweka mizigo chini, nao hawakuinyanyua mpaka pasemwe neno la haki.

Na ulikuwako utani. Leo twauona kuwa mzaha tu wa kutaniana matangani, lakini katika njia zile ulikuwa dhamana. Wanyamwezi walikuwa na watani katika makabila ya njiani, kama Wazaramo huku karibu na pwani, na Wagogo kule katikati. Mgeni asiye na ndugu akiishiwa, mtani wake alimpa chakula; akifa, mtani ndiye aliyeshika jembe. Sisi tuna fardhi kifaya ya kumzika maiti, na watu wale, wengi wao wasiokuwa Waislamu, walijiwekea ada ya kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumwona kabla.

Wenye mali hawakuwa hivyo wote. Ndui ilipoingia katika msafara, wagonjwa waliachwa kando ya njia na mizigo yao ikagawiwa wengine, na hayo yameandikwa na wasafiri walioyaona kwa macho. Hapa ndipo inapofaa kumtaja Sewa Haji Paroo, Khoja Ismailia aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Nyumba yake ya biashara pale Bagamoyo ilikuwa kubwa kupita zote katika kuwapatia wasafiri wapagazi na vifaa. Stanley mwenyewe alipata watu kwake. Kabla ya kufa mwaka 1897, naye hajatimiza miaka hamsini, alitoa mali nyingi kwa matibabu ya maskini na wagonjwa wa ukoma. Alijenga pia skuli Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa kila kabila na rangi wapokelewe. Hospitali ya Dar es Salaam iliitwa kwa jina lake, na Muhimbili hadi leo lina jengo liitwalo Sewahaji.

Tumsifu kwa hayo, maana matajiri wangapi wa zama zake hawakuacha hata kisima? Lakini tusichanganye mambo mawili. Sadaka ni hisani ya mwenye mali, na ujira ni haki ya mfanya kazi. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaipata kazi yote, kisha asimpe ujira wake. Hakusema kuwa hospitali italifuta deni hilo.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, kazi ya mpagazi wa hiari ilikuwa imekwisha. Ikaja vita, na serikali za Wajerumani na Waingereza zikawarudisha watu kwenye mizigo, safari hii kwa nguvu. Waingereza waliichukua Dodoma Julai 1916. Majeshi yote mawili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo, mvua ikakosekana, na ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Wachukuzi waliokufa upande wa Waingereza peke yake, kwa hesabu ya serikali, walipita 40,000. Hawa hawakuwa na makambi yao wala kirangozi waliyemridhia, wala hawakuweza kuweka mzigo chini. Wengi wao walikufa wakiwa wanadai mishahara, na fedha hizo, zilizokuwa mirathi ya wajane na mayatima wao, hazikuwafikia.