Nani alikuwa na ruhusa ya kutoa azabu? Kutoka Unguja hadi Kasongo

Mwizi akishikwa sokoni, hapa Fungurume au kule Kolwezi, hakukosi mtu wa kusema: "Kwa Waislamu huyu angekatwa mkono." Azabu hiyo imeandikwa kweli katika Kurani, sura ya 5, aya ya 38. Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: nani anakata?

Wanazuoni walilijibu zamani. Al-Mawardi, aliyefariki Baghdad mwaka wa 1058, aliandika kwamba azabu kama hizo ni kazi ya mtawala au mtu aliyepewa kazi hiyo na mtawala. Imamu wa msikiti anasalisha tu. Hata yule aliyeibiwa hana ruhusa ya kushika kisu. Kwa mauaji, familia ya marehemu inaweza kudai kisasi, kupokea diya ao kusamehe, lakini wanazuoni wengi wanasema ni lazima ipitie kwa mtawala. Na mtawala naye aliweza kusimamisha azabu. Inasimuliwa kwamba Khalifa Umar, katika mwaka wa njaa kubwa kule Arabuni, karibu mwaka wa 639, alizuia kukata mikono ya wezi, maana watu walikuwa wanaiba ili wapate kula.

Unguja, masultani wa Busaidi walikuwa na makadhi wa Kiibadhi na wa Kisunni. Kadhi alitoa hukumu, lakini askari na gereza vilikuwa vya Sultani. Uingereza ilipoweka ulinzi wake mwaka wa 1890, mamlaka hayo yalianza kumtoka Sultani, na mwishowe makadhi wakabakia na mambo ya ndoa, talaka na urithi. Kenya ni vilevile, kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010.

Huku kwetu Kongo mambo yalikuwa mengine. Nyangwe na Kasongo zilikuwa mbali sana na Sultani. Tippu Tip na wenzake walikuwa Waislamu, ndiyo, lakini azabu walizowapa wanavijiji zilitoka kwenye bunduki, si kwa kadhi. Mwaka wa 1887 Tippu Tip akakubali kuwa gavana wa Leopold II kule Stanley Falls, Kisangani ya leo. Basi Mwislamu akawa anatawala kwa jina la mfalme Mkristo wa Ulaya! Vita vya 1892 hadi 1894 vikamaliza utawala wa wafanyabiashara hao. Waislamu wa Maniema wakabaki na misikiti yao, bila mtawala wao.

Wengine wanamchanganya Msiri wa Bunkeya, katika teritware yetu ya Lubudi, na Waarabu. Alitoka upande wa Unyamwezi, alifanya biashara na Waswahili, lakini hakuwa Mwislamu. Azabu zake kali zilikuwa za ufalme wake mwenyewe, hadi alipouawa tarehe 20 desemba 1891.

Leo Katiba ya 18 februari 2006 inasema Leta haina dini, na kifungu cha 149 kinasema haki inatolewa kwa jina la raia, ndani ya tribinali. Anayempiga mwizi mpaka kufa ni muuaji mbele ya parke, na hata Al-Mawardi asingempa ruhusa. Shehe anaweza kupatanisha mume na mke, ao kusaidia ndugu wagawane urithi kama wote wanakubali. Mwizi wa sokoni anapelekwa polisi.